Nane Nane tunaendesha baiskeli Mwenge–Bagamoyo na kurudi, watu 14. Chakula nipange vipi?

Kikapu wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa waliowahi kufanya, maana zimebaki siku kumi.

Sisi ni kundi la watu 14. Kila Jumapili asubuhi huwa tunatoka Mwenge, hapa Dar es Salaam, tunaenda mpaka Bunju na kugeuza. Nane Nane hii tumekubaliana kwenda Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo. Kwenda ni kama kilomita 60. Tukiwa wote pamoja mwendo wetu ni kilomita 15 mpaka 17 kwa saa, kwa hiyo nahesabu saa nne za kwenda, na za kurudi labda tano kwa sababu ya uchovu. Tunaondoka saa 12 na robo asubuhi kukishakucha, Bagamoyo tupumzike mpaka saa 7 mchana, na tuwe Mwenge kabla giza halijaingia. Kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo, kitatufuata nyuma na vyombo.

Kazi ya chakula nimepewa mimi, na mchango ni shilingi 15,000 kwa kila mtu. Nilichokuwa nimefikiria: niamke saa tisa usiku nipike wali wa nazi na samaki wa kupaka, niweke kwenye hotipoti tatu kubwa, tule Bagamoyo saa sita. Halafu katoni za maji na kreti mbili za soda. Ndicho chakula ninachokipika vizuri kuliko vyote, na nataka watu wafurahi.

Ila mume wangu ameniuliza swali limeninyima usingizi: kabla ya hiyo saa sita watakula nini? Na baada ya hapo?

Mjue pia kwamba wawili hawali nyama wala samaki, mmoja ana kisukari na anatumia vidonge, mmoja ni binti wa miaka 16 anayekuja na baba yake, na sita wetu tutahitaji muda wa kuswali Adhuhuri.

Spoku Mbili

Dada, usijitese. Barabara ya Bagamoyo ina maduka na genge kila baada ya hatua mbili. Kila mtu abebe elfu kumi yake, akisikia njaa asimame anunue. Sisi tulikuwa watu wanne na hatukubeba chochote zaidi ya chupa za maji.

Mzee Keria

Watu wanne wanaweza, kijana wangu. Watu 14 wakianza kusimama kila mmoja kwa njaa yake, saa nne zinakuwa sita, na aliye dhaifu anaona aibu kusema asimamishe wenzake. Huyo ndiye anayeanguka.

Dada Kikapu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Nina miaka 61, na kwa miaka tisa nimekuwa mpanga chakula wa kundi letu la huku Mbezi. Nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Swali la mumeo ndilo lenyewe. Wewe umepanga mlo. Safari ya baiskeli haipangiwi mlo, inapangiwa saa. Akiba ya wanga iliyoko kwenye misuli na ini, kwa mtu anayekaza, inapungua sana ndani ya saa moja na nusu mpaka mbili. Kwa hiyo ukimwambia mtu asubiri wali wa saa sita, utamkuta ameshakauka tangu saa mbili na nusu asubuhi, na hata huo wali hataufurahia. Kila saa mtu aingize gramu 30 mpaka 60 za wanga, tangu saa ya kwanza, hata kama hasikii njaa. Tuhesabu kwa bidhaa za sokoni: ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi kinakaribia 30. Tende ndogo tano nazo ni kama 30. Ndizi moja na tende tatu kila saa, mtu wako yuko salama.

Jambo la pili ni upepo, na hili hata waendeshaji wazuri wanalisahau. Agosti ni kusi. Kwenda Bagamoyo unaelekea kaskazini, upepo unakusukuma mgongoni, kila mtu anajiona shujaa. Kurudi unaupokea usoni, mchana, jua limeshapanda na miguu imeshafanya kazi. Kilomita ni zile zile 60 lakini si safari ile ile.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Tulikwenda watu tisa, Agosti kama hii. Asubuhi tulikuwa na kila kitu, tukala kwa raha, na Bagamoyo tukamalizia kila kilichobaki kwenye ndoo. Wakati wa kurudi, tukiwa tumekaribia Kerege, kijana mmoja ambaye ndiye alikuwa na nguvu kutushinda wote akaanza kuyumba. Nikamwita, hakujibu. Nikamwita tena, akanitazama kama hanijui. Tukamshusha chini ya mwembe, anatetemeka, jasho la baridi linamtoka, na sisi tuna maji matupu. Nilikimbilia dukani nikarudi na soda na maandazi mawili. Baada ya dakika ishirini hivi akaanza kuzungumza vizuri. Zile dakika ishirini sijazisahau, maana mama yake ndiye aliyenikabidhi mimi.

Tangu siku ile chakula cha njiani nakigawa hivi: theluthi moja ya kwenda, theluthi mbili za kurudi. Ile ya kurudi naifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, na haifunguliwi kabla hatujaanza kurudi, hata aombe nani.

Sasa wali wa nazi. Nasikitika kukwambia, uache. Tui linachacha upesi kwenye joto. Ukipika saa tisa usiku ukaufunika kwenye hotipoti bado una mvuke, saa sita mchana kuna hatari ufungue ukutane na harufu. Samaki wa kupaka ni tui hilo hilo. Vitumbua vya nazi vivyo hivyo. Chakula cha moto mkile hapo hapo Bagamoyo, kimepikwa na mtu wa Bagamoyo, na kisiwe kizito: sahani ya kawaida, si ya harusi. Mkishiba mpaka kulegea, kusi itawakuta mnasinzia.

Vinavyosafiri vizuri ni hivi. Viazi vitamu, vichemshwe usiku na maganda yake na chumvi, vipoe, visifunikwe vikiwa vya moto. Chapati za kusukuma, nazo zipoe kabisa kabla ya kufungwa, kwa sababu zikifungwa na moto wake zinatoa jasho na mchana zinakuwa na utelezi. Mayai ya kuchemsha yakae na ganda lake mpaka saa ya kuliwa. Karanga za kukaanga zenye chumvi. Kashata za karanga. Tende. Kachumbari usibebe, inatoa maji na kuharibu kila kilicho karibu nayo.

Ndizi zinahitaji akili. Nunua siku mbili kabla, ziwe bado na kijani kidogo. Ndizi kisukari ni tamu sana lakini ganda lake jembamba linapasuka. Ukizitumia, ziwe juu kabisa ya kila kitu. Niliwahi kukuta chane zima limekuwa uji chini ya dumu la maji.

Kwa watu 14, mimi ningenunua ndizi 60 (kama chane tano), viazi vitamu kilo 5, tende kilo 2, unga kilo 3 unaokupa chapati kama 30, mayai 28, karanga kilo moja na nusu, na kashata mbili mbili kwa kila mtu. Ukijumlisha wanga wote unapata zaidi ya gramu 350 kwa kichwa kwa siku nzima bila kuhesabu mlo wa Bagamoyo. Inatosha na inabaki ya dharura.

Halafu ugawe kwa kichwa, usiweke chungu kimoja. Wapagazi waliokuwa wakitoka hapo hapo Bagamoyo kwenda bara karne ya 19 walipewa posho, kila mtu fungu lake, na neno hilo tunalo mpaka leo. Chungu kimoja kinamfaa mwenye haraka. Wenye haya wanakosa. Mimi nanunua mifuko midogo ya kaki, naandika jina kwa kalamu, asubuhi kila mtu anapokea wake. Mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu Juni 2019 na sijaikosa hata kidogo. Chapati nazifunga kwa jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika. Halichaniki, na likitupwa linaoza.

Maji: nusu lita mpaka robo tatu kwa saa kwa kila mtu, na zaidi kwa anayetoka jasho jingi. Kila mmoja aanze na chupa mbili zimejaa. Kwenye kirikuu madumu mawili ya lita 20, na Bagamoyo mjaze tena. Lakini yasiwe maji matupu siku nzima, kwa sababu jasho linatoka na chumvi. Pakiti za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) duka la dawa ni bei ndogo, pakiti moja kwa lita moja. Ukitaka ya nyumbani: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai sita vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Kamulia ndimu, watoto na wakubwa wanakunywa bila kusukumwa. Soda kreti mbili ni nyingi, beba moja, na iwe ya kurudi.

Kikapu wa Tegeta

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara tatu na mume wangu amesoma pia. Wali wa nazi nimeuweka kando, na moyo umeniuma kidogo, lakini nimeelewa.

Maswali mawili. Posho ya kwenda ikae kwa mtu mwenyewe au kwenye gari? Na huyu ndugu yetu wa kisukari, tende na ndizi si ndiyo sumu yake? Naogopa kumlisha vibaya.

Nesi wa Zamu

Dada, niingie kwenye hilo la kisukari.

Kwa siku ya kawaida wasiwasi wako una msingi. Kwa siku ya kuendesha kwa muda wa saa tisa, hatari kubwa zaidi ni sukari kushuka. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na baadhi ya vidonge vya kisukari vinaendelea kuishusha bila kujali kwamba mtu yuko juu ya baiskeli. Kwa hiyo, kabla ya Nane Nane, ndugu yenu aende kliniki yake aseme wazi: nitaendesha kutwa, dozi ya siku hiyo iweje? Asijipunguzie mwenyewe na asipunguziwe na kundi.

Siku yenyewe abebe kipimo chake, apime kabla ya kuondoka, kila mnaposimama muda mrefu, na tena jioni akishafika nyumbani, kwa sababu sukari inaweza kuendelea kushuka hata baada ya mazoezi. Ikisoma chini ya 4, au akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuchanganyikiwa, asimame hapo hapo. Apewe gramu 15 za sukari ya haraka: kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Msubiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Ikishapanda ndipo ale chapati au kiazi ili isishuke tena. Asiyeweza kumeza asiwekewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali mara moja. Na awe na mwenzake mmoja anayejua haya yote na anayeendesha karibu naye siku nzima.

Mfuko wake wa kaki uwe na yale yale ya wenzake. Ale kidogo kidogo kila saa, na hapo tende si sumu.

Kuhusu wali, Mzee Keria amesema kweli, na niongeze kwamba hata usio na nazi una shida. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemka kwa sufuria. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi anaamka na kutoa sumu, na kuupasha tena hakuiondoi. Kutapika barabarani ukiwa umeshapoteza maji kwa jasho ni jambo baya sana.

Mwisho, mikono. Mnyororo una grisi, mtu anarekebisha halafu anamenya yai. Dumu la lita tano lenye tundu kwenye mfuniko na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba, kama kibuyu chirizi cha shuleni, kinatosha.

Mwana wa Kaole

Karibuni Bagamoyo. Mimi ni mwenyeji, ushauri wangu ni mmoja: msifike mkaanza kutafuta chakula cha watu 14 siku ya sikukuu. Tafuta mama lishe kwa simu siku tatu kabla, mtumie kianzio, mwambie saa na idadi. Samaki wa kukaanga wanatoka pale sokoni ufukweni, wabichi kabisa, wali mweupe, mchicha, maharage kwa wale wawili wasiokula samaki. Mwambie maharage yasiungwe na dagaa wala supu ya nyama, maana wapishi wengine wanaona bila hivyo hayana ladha. Shilingi 6,000 kwa sahani mtaelewana. Mkifika saa 5, mpate chakula saa 5 na nusu, wanaoswali wakaswali, wengine wakalale chini ya miti. Mkila saa 7 na kupanda baiskeli saa hiyo hiyo mtaumwa matumbo.

Na madafu mnunue mkifika, kabla ya kula. Mnywe maji yake na nyama yake mkwangue.

Mzee Keria

Marahaba, mwanangu. Posho ya kwenda mtu akae nayo mwenyewe, kwenye mfuko wa mgongoni au kwenye keria, kwa sababu kirikuu kinaweza kuachwa nyuma kwenye foleni ya Tegeta. Kwa wageni wa baiskeli usiwaruhusu kula huku wanaendesha. Simamisheni kundi zima Bunju, mkishavuka daraja la Mto Mpiji simameni tena kivulini, halafu Zinga. Dakika tano tano, na wewe mwenyewe upite ukitazama mifuko. Ambaye mfuko wake haujapungua, simama naye mpaka ale.

Binti wa miaka 16 mtazame sana. Vijana wanakula vizuri asubuhi halafu wanasahau.

Kikapu wa Tegeta

Wakuu, tumerudi jana, nimelala saa kumi mfululizo, na nimeona si haki kukaa kimya baada ya msaada wote huu.

Tulikwenda kama tunateleza. Saa 4 na dakika 40 tulikuwa Bagamoyo, na watu wakaanza kuniambia nifungue ndoo ya kurudi kwa sababu wana nguvu tele. Nikakataa. Mmoja alikasirika kidogo. Mama lishe tuliyempata kupitia jirani yangu alikuwa tayari ametandika jamvi, changu wa kukaanga, wali mweupe, mchicha, na maharage ya wale wawili yalikuwa kwenye sufuria yake peke yake. Tuliswali kwa utulivu, saa 7 kamili tukaondoka.

Kusi tulikutana nayo kabla hata ya Kiromo. Mwendo ulishuka mpaka kilomita 11, wakati mwingine 10. Kelele zote za asubuhi zikaisha, mnasikia minyororo tu. Zinga nikafungua ndoo. Yule aliyekasirika alikula viazi viwili na kashata zake zote akiwa amesimama, akaniambia, "Dada, nisamehe." Kerege mmoja wetu alipanda kirikuu, goti lilimuuma, lakini njaa hapana. Nilipita pale nikitafuta mwembe wa Mzee Keria, ila miembe ni mingi.

Ndugu yetu wa kisukari alikwenda kliniki kama Nesi alivyosema, wakampangia dozi. Mume wangu ndiye alikuwa mwenzake. Bunju jioni kipimo kilisoma 4.3 na bado tulikuwa na safari, akala ndizi na tende nne, kundi zima likamsubiri robo saa, kikasoma 6.1. Hakuna aliyelalamika kumsubiri. Alipofika kwake alipima tena akatutumia ujumbe kwamba yuko salama. Binti wa miaka 16 kweli alisahau kula tangu Bagamoyo, tulimgundua kwa kuangalia mfuko wake Mapinga, ulikuwa umejaa kama nilivyoufunga.

Tulifika Mwenge saa 12 na dakika kumi, wote 14.

Kwa atakayepanga kama mimi: ndizi zilitosha, tende zilibaki kiganja kimoja, chapati kwenye jani la mgomba zilikuwa laini mpaka jioni. Chupa za ORS yenye ndimu ziliisha mapema, ningetengeneza lita sita zaidi. Mayai yalirudi tisa, mchana hakuna aliyeyataka. Viazi vitamu havikurudi hata kimoja, na watu watatu waliniuliza kama vipo vingine. Safari ijayo nanunua kilo saba.

Wali wa nazi na samaki wa kupaka nimewapikia leo hapa nyumbani, wamekuja kumi na mmoja.